Watoto wanajumlisha kilo sawasawa, lakini mzazi anaona sifuri

kahawa_mbale aliuliza:

Habari zenu, ndugu. Ninaandika programu ya C kwenye Linux kwa ajili ya chama chetu cha ushirika cha wakulima wa kahawa hapa Mbale. Kila kituo cha kununulia, yaani Sironko, Bududa, Kapchorwa na hiki cha mjini, huleta faili lake la mizani. Kwa kuwa mafaili hayo ni makubwa, mchakato mzazi, yaani programu yenyewe inapoendeshwa, huita fork(), inayozaa mchakato mtoto, mara nne ili kila mtoto asome faili moja na kuongeza kilo katika kigeu kiitwacho jumla, ambacho nimekitangaza nje ya main().

Kila mtoto huchapisha hesabu iliyo sahihi kabla ya kutoka, ila mzazi, baada ya kuwasubiri wote kwa wait(), huchapisha sifuri. Linalonitatiza zaidi ni kwamba nilipochapisha anwani ya kigeu hicho kwa %p, mzazi na watoto walitoa anwani ileile. Inawezekanaje anwani moja iwe na thamani mbili?

fundi_jinja alijibu:

Ndugu, anwani uliyoiona si mahali halisi ndani ya RAM. Ni anwani pepe, ambayo kila mchakato huitafsiri kwa jedwali lake lenyewe la kurasa (vipande vya kumbukumbu) linalosimamiwa na kerneli, yaani kiini cha mfumo, na ndiyo maana namba moja yaweza kuelekeza mahali pawili. fork() humpa mtoto nakala ya kumbukumbu ya mzazi. Ili kuepuka kazi ya bure, Linux hainakili papo hapo, bali huwaacha wote wawili wasome kurasa zilezile mpaka mmoja wao aandike, na hapo ukurasa unaohusika tu, ambao kwa kompyuta nyingi ni baiti 4,096, ndio hunakiliwa. Kwa hiyo mtoto wako alipoongeza kilo ya kwanza, tayari alikuwa ameachana na mzazi, kama karani aliyetoa fotokopi ya daftari la mizani akaendelea kuandika kwenye fotokopi.

Kwa kazi hii ningetumia bomba, yaani njia ya kupitisha data kutoka mchakato mmoja hadi mwingine. Ita pipe() kabla ya fork(), ili watoto warithi ncha zote mbili. Kila mtoto aandike mara moja kwa write() muundo mdogo wenye namba ya kituo na jumla yake. Bomba moja linawatosha wote wanne, kwa sababu maandishi yasiyozidi PIPE_BUF, ambayo kwenye Linux ni baiti 4,096, hayachanganyiki na ya mwingine. Mzazi naye afunge ncha ya kuandikia mara tu amalizapo kuzaa watoto, kisha asome mpaka read() irudishe 0, yaani data imekwisha. Asipoifunga, hiyo 0 haitafika kamwe, maana kerneli itaona bado yupo mwandishi mmoja, naye ni mzazi mwenyewe.

mfumo_gulu alijibu:

Naafiki maelezo, ila nadhani bomba si lazima hapa. Kinachotakiwa ni namba nne tu, na mmap(), inayotenga kumbukumbu, inazipatia nafasi kwa mstari mmoja kabla ya fork():

`long *jumla = mmap(NULL, 4 * sizeof(long), PROT_READ | PROT_WRITE, MAP_SHARED | MAP_ANONYMOUS, -1, 0);`

Kumbukumbu hiyo huanza ikiwa sifuri, na kwa sababu ya MAP_SHARED, anachoandika mtoto mzazi hukiona. Angalia kwamba nimetenga nafasi nne badala ya moja. Watoto wote wakiongeza katika nafasi moja, utapoteza kilo bila onyo lolote, kwani kuongeza ni hatua tatu: kusoma, kujumlisha na kurudisha. Wawili wakisoma thamani moja kwa pamoja, atakayerudisha mwisho atafuta kazi ya mwenzake. Waweza kuzuia hilo kwa semafo, yaani kufuli la kuwapa zamu, iliyowekwa ndani ya kumbukumbu hiyohiyo, huku kigezo cha pili cha sem_init() kisiwe sifuri, lakini kwa nini ujitwishe kufuli wakati kila mtoto anaweza kuwa na nafasi yake?

Na usishawishike kurudisha jumla kwa exit(). Mzazi anayesubiri kwa wait() hupata biti 8 za mwisho tu, kwa hiyo kilo 1,300 zitamfikia zikiwa 20.

kahawa_mbale aliandika:

Asanteni sana. Nilichagua bomba, na jumla sasa zinalingana na vitabu vya chama. Hata hivyo, katibu ameomba tupate pia orodha ya kila mkulima na kilo zake. Nimewaacha watoto waandike mistari hiyo kwa fprintf() ndani ya bomba lilelile. Faili dogo hupita vizuri, lakini yale makubwa yanaiganda programu bila ujumbe wowote wa kosa.

fundi_jinja alijibu:

Bila shaka bado unaita wait() kabla ya kusoma. Bomba la Linux kwa kawaida hubeba baiti 65,536. Likijaa, mtoto husimama akingoja lisomwe, na mzazi amesimama akingoja mtoto atoke, basi hapo hakuna wa kumwokoa mwenzake. Soma kwanza mpaka upate 0, ndipo uite wait().

Ukishatatua hilo utakutana na la pili: fprintf() hukusanya mistari katika bafa (hifadhi ya muda) yake na kuimwaga inapojaa, mara nyingi katikati ya jina la mkulima, na kipande kilichobaki kitatanguliwa na mistari ya kituo kingine. Tayarisha kila mstari kwa snprintf() na uutume kwa write() moja, au mpe kila mtoto bomba lake na mzazi ayasikilize yote kwa poll(). Mimi ningechukua njia ya pili, maana hapo hata mstari uliokatika utaunganishwa na kituo chake.