Tupeane uzoefu: nguo ikichuja, kwa Kiingereza unasemaje?

Mama Vitenge

Habari za asubuhi wakuu. Nauza vitenge Mwanjelwa, Mbeya, na baadhi ya wateja wangu ni wageni wanaokuja kujitolea hospitalini na mashuleni. Mwezi uliopita dada mmoja alichagua kitenge chekundu akaniuliza kama rangi yake inadumu. Nikamjibu kwa kujiamini: “It doesn't fade.” Wiki iliyofuata akarudi na blauzi yake nyeupe, imeingia wekundu mabaka mabaka. Akasema, “It ran.” Nikabaki namtazama, maana “run” niliyofundishwa shuleni ni kukimbia tu. Nikamwonyesha kitenge chenyewe: rangi bado kali, hakijapauka hata kidogo. Kumbe wote wawili tulikuwa tunasema kweli.

Binti yangu ndiye aliyenifafanulia jioni. Sisi “kinachuja” tunaitumia kwa mambo mawili. Nguo ikipungua rangi, imechuja. Ikitoa rangi kwenye beseni na kuchafua nyingine, inachuja pia. Kiingereza kimetenganisha: ya kwanza ni “fade”, ya pili ni “run” au “bleed”. Mteja aliuliza jambo moja akilini mwake ana mawili, mimi nikamjibu nusu.

Blauzi niliilipa. Iliniuma kwa sababu sikuwa nimemdanganya. Wenye visa vya namna hii, karibuni.

Mwalimu wa Tukuyu

Ndaga fijo mama kwa kulileta hili. Kidato cha pili kila mwaka napata sentensi “My shirt has filtered.” Mtoto hakufanya uzembe. Kafungua kamusi, kaona kuchuja ni “filter”, kama unavyochuja chai, akaandika.

Kinachowasumbua zaidi ni kwamba “fade” inafanya kazi pande zote mbili. Kwetu kitenzi kinabadilika sura: pazia limepauka, jua limelipausha. Kwa Kiingereza “The curtain has faded” na “The sun has faded the curtain” ni neno lilelile. Nikiandika pauka na pausha ubaoni sambamba, wanashika haraka kuliko nikiwapa kanuni. Na tusiliache neno letu kukwajuka, la nguo iliyofuliwa na kuvaliwa mpaka rangi ikaisha nguvu. Hiyo ni “faded” au “washed out”. Wanafunzi wangu wengi hawajawahi kulisikia, na linanisikitisha hilo kuliko makosa yao ya Kiingereza.

Dada wa Vyumba

Kamwene, niko Iringa. Nyumba ya wageni niliyokuwa nafanyia kazi, ripoti za vyumba tuliandika kwa Kiingereza. Mapazia ya upande wa jua la jioni yalikuwa yamepauka, nikaandika “Curtains bleached.” Meneja akaniita: nani kaweka dawa ya kung'arisha nguo kwenye mapazia? Kwake “bleached” peke yake ilimaanisha dawa, na alishaanza kuhesabu atanikata kiasi gani kwenye mshahara. Nilimpeleka chumbani, nikafungua mikunjo mbele yake. Ndani bluu ya dukani, nje rangi ya maji. Akanyamaza.

Ningeandika “sun-bleached” au “faded by the sun”, yasingenikuta. Na jua la huku linatudanganya kwa sababu ya baridi. Kila ukipanda mita 1,000, mionzi ya jua ya urujuanimno (UV) inaongezeka kwa takriban asilimia 10, nasi Iringa mjini tuko juu ya mita 1,500. Mionzi hiyo ndiyo inayovunjavunja rangi ndani ya kitambaa. Wewe umevaa sweta, pazia linapauka.

Nesi Mbeya

Langu si la nguo. Nikiwa mafunzoni, Julai, bibi mmoja aliletwa kutoka Makete, mjukuu akasema “bibi amepauka sana.” Nikaandika “pale” kwenye faili. Mkufunzi akaja akiwaza upungufu wa damu. Akashusha kope akaangalia ndani, akatazama viganja: wekundu upo. Bibi wa watu alikuwa amepauka ngozi kwa baridi na upepo, miguu kama imepakwa jivu. Hiyo ni “dry skin”, na Wamarekani weusi huiita “ashy”. “Pale” ni mtu aliyepungukiwa ule wekundu wa damu. Tangu siku ile nikiambiwa mtu kapauka, nauliza kwanza: ngozi imekauka, au viganja vimekuwa vyeupe?

Jinzi Makambako

Kwenye mitumba “faded” ni sifa, vijana wanaitafuta. Rangi ya jinzi inakaa juu juu ya uzi, moyo wa uzi unabaki mweupe, ndiyo maana magoti yanatangulia kupauka. Lebo ikiwa na pembetatu iliyokatwa kwa alama ya X, msiitie dawa ya kung'arisha.

Mkulima Mbozi

Nilimwandikia mtaalamu mgeni kwamba mahindi “are fading”, akadhani yanakufa kwa ukame. Nilipomtumia picha akasema andika “yellowing”, na utaje manjano yameanzia wapi. Yangu yalianzia majani ya chini, yale ya zamani, na hiyo mara nyingi ni njaa ya naitrojeni.

Mama Vitenge

Asanteni sana, nesi umenishtua kweli. Nimeanza utaratibu mpya: mzigo ukifika, nalowesha kitambaa cheupe nakisugua kwenye kila kitenge cheusi na chekundu. Jana vitatu viliacha alama. Nimevibandika kikaratasi kimoja kimoja: “May run. Wash separately.” Mwalimu wa Tukuyu, naomba uniangalizie kama nimeandika sawa, maana kimoja kimeshanunuliwa leo asubuhi.