Euro 11,904 zifungiwe ndipo upewe viza ya kusoma Ujerumani, na bima juu yake. Tunachujwa kwa salio!

Wakuu, salaam. Nina hasira na leo sitajifanya mstaarabu, mnivumilie.

Mdogo wangu wa kike kapata nafasi ya shahada ya uzamili Ujerumani, chuo cha serikali. Ada ya masomo hakuna, kuna mchango wa muhula tu. Nafasi kaipata kwa kichwa chake, hakuna mjomba wizarani aliyempigia mtu simu. Tukafurahi ukoo mzima. Halafu tukafika kwenye masharti ya viza ya muda mrefu, kipengele cha pesa na kipengele cha bima, na tangu siku hiyo kikao cha familia hakiishi bila mtu kuondoka kanuna.

Kwa wasioijua hii habari, Wajerumani wana kitu wanakiita Sperrkonto. Unafungua akaunti kwao ukiwa hukuhuku, unaingiza gharama za maisha za mwaka mzima, pesa inafungiwa. Huigusi mpaka ufike, uandikishe makazi, ufungue akaunti ya kawaida, ndipo wanakupimia kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni 30, kwa mkupuo, kabla hujajua kama viza utapewa. Na hakitulii hicho kiwango. Kabla ya Septemba 2019 kilikuwa 8,640. Kikaenda 10,236, kikaja 10,332, Januari 2023 kikaruka mpaka 11,208, sasa ndiyo hapo. Familia ikianza kudunduliza mwaka huu, ikimaliza inakuta mnada umepanda.

Sasa sikilizeni hiyo 992 inatoka wapi, maana ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Hakuna mtu aliyekwenda sokoni Leipzig kupima bei ya mkate. Sheria yao ya ukaazi, kifungu cha 2, imefunga kipimo cha mwanafunzi wa kigeni kwenye viwango vya BAföG. BAföG ni msaada ambao serikali yao inawapa wanafunzi waliotoka familia zisizojiweza. Hesabu yake iko hivi: euro 475 za kujikimu, 380 za pango, 137 za bima ya afya na matunzo. Jumlisha, 992. Nusu ya msaada huo ni ruzuku ya bure, nusu ni mkopo usio na riba, na marejesho yana kikomo, hayavuki euro 10,010 hata ungechukua kiasi gani.

Yaani kijana wa Kijerumani ambaye wazazi hawana kitu anapewa mpaka euro 992 kila mwezi kwa sababu hana. Binti wa Kitanzania ambaye wazazi hawana kitu anaambiwa azilete zile zile 992 mara kumi na mbili, taslimu, au abaki kwao. Aliyekaa kuandika kifungu hicho alijua kabisa kwamba hicho ni kiwango cha mtu anayesaidiwa, akakigeuza kuwa kiingilio cha mlangoni.

Sisemi watulipie. Kodi ni yao, watoto ni wao. Ila wasiniambie huu ni uthibitisho wa uwezo wa kujikimu. Mzee wetu ana viwanja viwili vyenye hati. Mama ana duka la jumla ambalo limesomesha watoto wanne bila mkopo. Kuna kaka yupo tayari kutuma fedha kila mwezi, na ana mshahara unaoonekana. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoingia kwenye fomu. Mdhamini anayekubalika ni yule anayeishi hukohuko Ujerumani, aende ofisi ya wageni, aonyeshe kipato chake, asaini hati ya kubeba gharama zako zote. Nani ana shangazi wa namna hiyo? Wenye ufadhili kama wa DAAD, lile shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, wao barua ya ufadhili inatosha, na hao ni wachache, tusidanganyane. Sisi wengine utajiri wetu uko kwenye ardhi, kwenye mzigo wa dukani, kwenye kikoba, kwa ndugu. Kuugeuza uwe euro zilizokaa mahali pamoja siku moja maana yake ni kuuza kiwanja kwa bei ya kutupa, na mnunuzi akishajua una haraka ya safari ndiyo kwanza anazidi kushusha.

Tuliuza. Nisiseme mengi.

Kisha ukaja mkasa wa kutuma. Benki yetu, jina naliacha, ilitudai barua ya chuo, chanzo cha fedha, mkataba wa mauzo ya kiwanja, fomu juu ya fomu, ikatupa bei ya euro ambayo ukiilinganisha na ile ya Benki Kuu unataka kulia. Tukakubali. Pesa ikaondoka kamili. Ikafika pungufu! Kumbe njiani kuna benki ya kati, na kila inapopita inakata chake. Kwenye fomu ya SWIFT, ule mfumo wa benki wa kutuma pesa nje ya nchi, kuna kijisehemu cha kuchagua nani anabeba makato: ukiachiwa SHA, mnagawana na makato yanalika kwenye pesa yenyewe, ukiandika OUR, mtumaji analipa yote ili ifike nzima. Mhudumu wa dirishani alijaza SHA bila kutuuliza, na nilipomfuata akaniambia "ndiyo kawaida, kaka". Upungufu wenyewe ni vieuro vichache. Lakini hati ya uthibitisho haitoki mpaka salio litimie. Tukalazimika kutuma tena, na ada ya kutuma ikawa kubwa kuliko pesa iliyotumwa. Hela ya kiwanja, wakuu, inaliwa na watu ambao hata hawajui kwamba tupo.

Na usidhani ukishafika zile milioni 30 na ushee zitakusaidia. Mwezi wa kwanza ndio mbaya kuliko yote. Mwenye nyumba anaruhusiwa na sheria yao kudai dhamana mpaka ya kodi ya miezi mitatu. Kuna kodi yenyewe, mchango wa chuo, bima, godoro. Wewe una 11,904 zako benki, halali, za jasho, na unaruhusiwa kutoa 992 tu. Kwa hiyo lazima uende na fungu jingine pembeni, ambalo hakuna mtu aliyekutajia.

Bima sasa. Hapa ndipo niliposhika kichwa.

Kwanza, zile 137 za bima zimo tayari ndani ya 992. Umeshazifungia. Lakini kupata viza unatakiwa uwe na bima nyingine ya safari inayoanza siku unayoingia mpaka siku utakayosajiliwa chuoni na bima ya wanafunzi ianze. Siku unayoingia ni ipi? Hujui, viza hujapewa. Kampuni ya bima inataka tarehe, viza inataka bima. Tukanunua kwa tarehe ya kukisia. Kampuni iliyotuuzia hapa ilitupa cheti kizuri kimeandikwa euro 30,000, ile ya kawaida ya viza ya Schengen, viza ya muda mfupi ya Ulaya, ya watu wa matembezi. Nilipokaa kusoma karatasi za nyuma nikakuta kwamba haihusu mtu anayekwenda kuishi. Muuzaji alijua tunaomba viza ya masomo, nilimwambia kwa mdomo wangu. Kurudishiwa pesa imekuwa njoo kesho.

Pili, na hili wenye umri kama wa mdogo wangu walishike sana. Bima ya umma kwa bei ya mwanafunzi mwisho wake ni miaka 30. Yeye ana 31. Huku kwetu mtu anamaliza shahada ya kwanza, anasota kutafuta ajira, anafanya kazi miaka kadhaa, anasaidia wadogo zake, ndipo anafikiria uzamili. Akifika kwao anaambiwa umri umepita, katafute bima binafsi. Zile rahisi zinazouzwa mtandaoni kwa wageni zinaweza kukupitisha kwenye viza, halafu siku ya kuongeza kibali ofisi ya wageni ikazikataa kwa kuwa hazifikii kiwango cha bima ya umma. Zinazofikia bei yake si ya mwanafunzi. Unaadhibiwa kwa kuwa ulifanya kazi.

Najua atatokea mtu aseme "si muende Uingereza". Uingereza nako kwa mwaka 2025 walianza na pauni 1,136 kwa mwezi nje ya London, hesabu ya miezi tisa, pesa ikae kwenye akaunti siku 28 bila kushuka hata siku moja, na ada ya afya pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, unalipa mwanzoni. Juu ya hapo kuna ada ya chuo yenyewe. Kanada? Tangu Septemba 2025 ni dola zao 22,895 mbali na ada. Kwa hiyo Ujerumani bado ndiyo nafuu, na hiyo ndiyo inayoniuma.

Na ukinyimwa? Zamani uliandika barua ya kupinga, bure, ofisi ileile inapitia upya faili lako. Tangu Julai 1, 2025 wameufuta utaratibu huo dunia nzima. Umebaki na mawili: uombe upya na kulipa tena euro 75, au ukashitaki mahakama ya utawala Berlin. Mtu wa Kahama akafungue kesi Berlin! Pesa yako ya akaunti utarudishiwa, ndiyo, kwa euro zilizokatwa kwenda na kukatwa kurudi, na kiwanja kimeshajengwa na mtu mwingine.

Nimalizie na wale mnaojiita mawakala. Kuna mmoja kanifuata akitaka "kutukodisha salio", anaweka mzigo kwenye akaunti wiki kadhaa, anachukua asilimia yake, anautoa. Kwa Sperrkonto ujanja huo haufanyi kazi, pesa inabaki kifungoni kweli. Kwa nchi nyingine wanaangalia historia ya akaunti, wakiona milioni 30 zimeanguka kwa mtu ambaye mwezi uliopita alikuwa na laki mbili, wanauliza. Wakishakuandika kuwa umedanganya, jina lako ndilo linalobaki chafu na wakala anahamia kwa mteja mwingine. Msije inboksi kwangu.

Ninachotaka kutoka kwenu, mliopita njia hii. Kuna benki yoyote hapa nchini iliyowahi kuwatumia kwa OUR na pesa ikafika nzima bila kubishana? Na mliovuka miaka 30, ni bima ipi binafsi ambayo ofisi ya wageni iliikubali wakati wa kuongeza kibali? Taja na mji, maana kila ofisi ina mambo yake. Mdogo wangu ana miadi mwezi ujao na safari hii fomu ya benki nitaijaza mwenyewe.