Mjomba katanguliza hela ya handaki la bomu la nyuklia, nimsaidieje?

Wakuu habarini, niko Tandahimba. Wiki iliyopita walipita jamaa na kirikuu wanauza handaki la familia, eti vita ya nyuklia ikianza mnaingia watu sita mnakaa wiki mbili mpaka vumbi la mionzi liishe makali. Milioni nane na nusu, unatanguliza mbili. Mjomba hela ya korosho imeingia juzi tu kashatoa mbili, keshokutwa wanakuja kuchimba shimo. Ile sampuli nimeigonga kwa ngumi jamani ni simtanki!! Limepakwa kijani cha jeshi ila rangi imebanduka pembeni unasoma kabisa LITA 5000. Juu kuna kifeni cha kompyuta wanakiita chujio. Nikisema naambiwa we mtoto husikilizi habari za Urusi. Nifanyeje bila kumvunjia heshima?

Kangomba Mstaafu: Watu sita wiki mbili, choo wapi? 😂 Hela ya korosho ina wachumba wengi.

Fundi Mikindani: Wiki mbili hawajakosea, mionzi ya vumbi lile inashuka haraka, baada ya siku mbili inabaki kama asilimia moja ya ile ya saa la kwanza. Ila kinachokinga ni uzito, zege au udongo, mita moja ya udongo inapunguza zaidi ya mara elfu. Plastiki haizuii kitu, na simtanki tupu ukilirundikia udongo wote huo linabonyea na mjomba ndani.

Babu Nachingwea: Huku Waingereza walileta matrekta 1947 wakasema watalima karanga, 1951 wakaacha. Mjukuu, mzungumzaji mzuri mpe jembe kwanza. Halafu anayerusha bomu Tandahimba anatafuta nini, kangomba, zile korosho za magendo?

Mama Salfa: Usibishane na mjomba. Mwambie awaombe waingie wao kwanza, saa saba mchana, mfuniko ufungwe. Na mtendaji awepo, wadaini risiti ya EFD.

Mleta uzi: Mrejesho. Mama Salfa Mungu akubariki. Kaingia kijana wao mmoja, dakika kumi hazijaisha anagonga kama mwizi kafungiwa stoo, katoka kalowa chapachapa. Mjomba hakusema neno, kamtazama tu mtendaji. Wamerudisha laki nane, iliyobaki wameandikishana, simtanki limeshikiliwa. Mke wa mjomba kashaliweka chini ya bati anasubiri mvua, maji yenyewe huku mnayajua.