Rejista ya mochwari: ajali, mauaji na kujiua navipangaje?

Mwanagenzi
Wakuu, habari za leo. Naandaa pendekezo la utafiti juu ya vifo visivyo vya kawaida vilivyopokelewa mochwari ya hospitali ya rufaa kwa miaka mitano. Vyanzo ni rejista, ripoti za uchunguzi wa maiti na hati za polisi. Nimekokotoa sampuli nikapata 384. Nakwama mahali pawili. Nikikuta sababu ya kifo ni "moyo na mapafu kusimama" au "kitu chenye ncha kali", naiweka wapi? Na naruhusiwa kusema mkoani kwetu mauaji yanazidi ajali?

Safu_na_Mstari
Hiyo 384 ifute. Ndiyo namba anayoipata kila mtu kwenye fomula ya sampuli akiweka uhakika wa 95%, kosa la 5% na uwiano wa 50%. Rejista nzima unayo, sampuli ya nini? Chukua maiti zote. Vifo vya risasi au moto huwa vichache, na ukichomoa 384 tu unaweza kubaki na visa viwili vitatu ambavyo huwezi kuvichambua.

La pili: hapana. Mochwari inakupa mgawanyo (aina gani ni nyingi kati ya maiti ulizonazo), haikupi kiwango (vifo vingapi kwa idadi ya watu wa mkoa). Mauaji hufikishwa kwenye meza ya kupasulia maiti kwa kuwa kesi inahitaji ripoti, ilhali aliyegongwa akiwa kwenye bodaboda mbele ya mashahidi mara nyingi hukaguliwa kwa nje tu, ndugu wakachukua mwili wakazike. Wengine hawafiki kabisa. Halafu hospitali ya rufaa inaletewa maiti kutoka wilaya zisizo na mwanapatholojia (daktari bingwa wa kuchunguza maiti). Kwa hiyo usichukue idadi yako ukaigawa kwa watu wa mkoa wa sensa ya 2022. Andika "kati ya vifo visivyo vya kawaida vilivyochunguzwa hapa" na uishie hapo.

Meza_ya_Mawe
Naongezea upande wa uainishaji. Tengeneza safu tatu zisizochanganywa: jeraha au ugonjwa ulioua (mfano damu kuvuja ndani ya fuvu), kilicholeta jeraha (gari, rungu, kamba), na nia (ajali, kujiua, kuuawa, haikubainika). Ukizibana kwenye safu moja, hutazitenganisha tena.

Kwa misimbo ya ICD-10 (orodha ya kimataifa ya kuainisha magonjwa na sababu za vifo): usafiri ni V01–V99, kujidhuru X60–X84, kushambuliwa X85–Y09, na nia isiyobainika Y10–Y34. Hilo fungu la mwisho usiliogope. Kujaribu kujiua ni kosa katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na familia nyingi zinaona aibu, hivyo maelezo ya ndugu huegemea kwenye ajali. Utafiti wenye sifuri kwenye Y10–Y34 mimi nauwekea shaka.

"Moyo na mapafu kusimama" si sababu. Hakuna maiti ambayo moyo wake haujasimama. Rudi kwenye maelezo ya ndani ya ripoti usome alichokikuta mpasuaji. "Kitu chenye ncha kali" nayo mara nyingi ni maneno ya hati ya polisi yaliyonakiliwa. Ngozi ya kichwa ikipigwa rungu hupasuka juu ya mfupa kwa mstari ulionyooka, ukadhani ni panga. Tafuta kingo zilizochubuka na nyuzi za tishu zinazovuka kidonda: kitu butu huziacha, panga huzikata. Ripoti isiyoeleza kingo, chombo hakijulikani.

Maiti iliyoopolewa majini si lazima iwe imekufa maji. Povu la puani hupotea mwili ukianza kuoza, na hakuna kipimo kimoja kinachokata shauri. Kwenye moto, uliza kama masizi yalikutwa ndani ya koo na mirija ya hewa. Yakiwepo, mtu alikuwa anapumua moto ulipowaka. Yasipokuwepo, usikimbilie kuandika mauaji, maana mlipuko unaweza kuua kabla hajavuta moshi.

Chupa_ya_Kijivu
Sumu bila majibu ya maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ni tuhuma tu, ipe msimbo wake pembeni. Kwa pombe, angalia damu ilitolewa wapi: ya mshipa wa paja, kwenye chupa yenye sodiamu floridi (dawa ya kuhifadhi damu), ndiyo ya kutegemewa. Damu iliyochotwa kifuani huweza kuchanganyika na yaliyovuja tumboni. Mwili uliooza hutengeneza pombe wenyewe, kwa hiyo rekodi hali ya mwili karibu na namba ya pombe.

Na saa! "Saa 2 usiku" kwenye rejista ni 20:00, lakini mwingizaji data aliyezoea kompyuta huandika 02:00. Mchoro wako wa vifo kwa saa unahama saa sita nzima. Weka safu ya saa kama ilivyoandikwa, nyingine ya saa uliyobadilisha.

Mwanagenzi
Nimewaelewa wakuu. Na aliyegongwa na gari akafia wodini wiki ya tatu, cheti kikaandikwa sepsisi (maambukizi yaliyosambaa mwilini)?

Meza_ya_Mawe
Sababu ya msingi inabaki msimbo wa V (usafiri), kwa sababu sepsisi imetokana na majeraha ya gari. Ukilinganisha na takwimu za WHO za barabarani, kipimo chao ni kifo ndani ya siku 30, kwa hiyo chukua tarehe zote mbili, ya kuumia na ya kufa. Wa namna hii hupotea rejistani kwa kuwa wametokea wodini na hakuna hati ya polisi, hivyo pitia pia daftari la vifo la wodi za upasuaji na ICU. Kisha mwombe mtu wa pili apange asilimia 10 ya rekodi bila kuona majibu yako, mkokotoe kapa (kipimo cha jinsi majibu yenu mawili yanavyokubaliana). Kwenye nia ikishuka chini ya 0.6, mwongozo wenu wa kupanga ndio wenye tatizo.