Utitiri bapa wangu haulingani na spishi yoyote niliyoiona, picha za hadubini ya elektroni zinatosha kuutangaza kuwa mpya?

Chini_ya_Jani

Wakuu habari zenu. Nina jambo linaninyima usingizi karibu mwezi sasa. Nimekusanya utitiri bapa kwenye kichaka fulani, wekundu hivi na madoa meusi mgongoni, wamejibanza kando ya mshipa mkubwa chini ya jani, yaani bila lenzi ya mkono unadhani ni vumbi tu. Ni jenasi ya Brevipalpus bila shaka. Nimewaweka kwenye slaidi, nikafuata ufunguo wa utambuzi, yale maswali ya kuchuja spishi, hatua kwa hatua, mwisho nakwama katikati ya spishi mbili na hakuna hata moja inayokubali. Mistari ya mgongoni inafanya kama vyumba vya nyavu pembeni halafu katikati panakuwa laini, kwenye michoro yote niliyonayo sijaona kitu hicho. Sasa kuna mtu yuko tayari kunipigia picha kwa hadubini ya elektroni. Nikipata picha nzuri za mgongo, naweza kuandika maelezo ya spishi mpya kwa hizo? Nina majike sita tu, wote wa mmea mmoja.

Mzee_wa_Slaidi

Hongera kwanza kwa kuwaona, wengi wanapita tu. Sasa nikwambie kwa uwazi, hadubini ya elektroni inaona ngozi, basi. Kwa Brevipalpus kitu kinachoamua mara nyingi kiko ndani ya mwili, kile kifuko cha mbegu cha jike, umbo lake na uso wake kama ni laini au una vijimiba, na hicho utakiona kwenye slaidi iliyosafishwa vizuri, yaani mwili umekuwa angavu, chini ya lenzi ya 100 ya mafuta, ukiwa na fezi kontrasti au DIC, zile njia za mwanga zinazoonyesha vitu visivyo na rangi. Picha ya elektroni hata iwe nzuri vipi haitakuonyesha.

Halafu hayo katikati kuwa laini, ebu angalia tena kabla hujafurahi. Mimi niliwahi kushangilia mgongo laini kama huo siku mbili nzima, kumbe nilibonyeza kifuniko cha kioo nikamkandamiza mnyama, mikunjo ikanyooka, na wengine nilikuwa nimewaacha kwenye asidi ya laktiki ya kusafishia muda mrefu mno mpaka mistari ikafifia. Nikachukua wengine wa jani lilelile, nikawasafisha kwa muda mfupi, nikaweka tone dogo la dawa ya Hoyer, ile ya kushikiza mnyama kwenye slaidi, na kifuniko nikakiacha kishuke chenyewe, mistari ikarudi yote. Iliniuma lakini ilinifundisha.

Ila hiyo nafasi ya elektroni usiiache! Uliza kama wana ile ya baridi, wanagandisha kipande cha jani pamoja na utitiri wake kwa nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, unamwona alivyosimama mwenyewe, nta ikiwa mgongoni, nywele zimekaa pembe yake halisi. Njia ya kawaida ya kukausha na kupaka dhahabu huwa inawasinyaza hawa wenye ngozi laini. Ukiwa na picha ya baridi utajua mgongo ukoje kabla slaidi haijaugusa.

NyweleMbili

Naongezea hapo kwa Mzee. Ndugu, umehesabu zile nywele butu za hisia kwenye ncha ya mguu wa pili? Moja au mbili? Na pembeni nyuma ya mgongo, nywele inayoitwa f2 ipo au haipo? Hivyo viwili tu vinakutoa kundi moja kwenda lingine, mtu akivikosea ufunguo wote unampeleka porini.

Na nikukumbushe ya Brevipalpus phoenicis, maana inahusu kabisa hali yako. Jina hilo la mwaka 1939 lilibandikwa kwa utitiri wa mimea mingi miaka na miaka, mpaka mwaka 2015 ilipochapishwa kazi kubwa iliyotumia DIC na hadubini ya elektroni ya baridi, ikaonekana ni spishi kadhaa zilizofichwa chini ya jina moja. Baadhi zilikuwa mpya kweli, ila nyingine zilishapewa jina zamani likasahaulika, kama B. yothersi ya mwaka 1949 iliyofufuliwa. Kwa hiyo usilinganishe na michoro peke yake, michoro mingi ya zamani haina hivyo vitu unavyovitafuta wewe. Azima makumbusho vielelezo vyenyewe vya asili, wale waliopewa jina kwanza, au omba wakupigie picha. Na si suala la jina tu, kuna virusi vya ukoma wa michungwa ambavyo utitiri hawa wanasambaza, ukikosea spishi unakosea na mbebaji.

Kucha_Manyoya

Mimi nashughulika na wale wenye miguu minne, umbo la mnyoo, wengine hawafiki hata milimita 0.2, ila kanuni za majina ni zilezile. Lazima uteue holotaipu, kielelezo kimoja cha kubeba jina, na useme kitahifadhiwa wapi. Jarida likitoka kwa mtandao tu, lazima kazi iwe imesajiliwa ZooBank, rejesta rasmi ya majina ya wanyama, kabla ya kuchapishwa, hiyo ipo tangu 2012. Na slaidi za Hoyer zinanyonya unyevu, zikaushe kwenye oveni ya joto dogo halafu zungushia vanishi pembeni, vinginevyo holotaipu yako itaharibika mapema.

Sita ni wachache mno. Rudi ukatafute lava na nimfu, wale wachanga ambao hawajakomaa. Dume ukimpata ni bahati, kwenye jenasi hii wengi wao majike wanazaa majike bila dume. Na wachache waweke kwenye pombe kali kwa ajili ya DNA, ukitoa DNA kwa njia isiyoponda mwili, ngozi inabaki na hiyohiyo unaiweka kwenye slaidi, hapo jina na DNA vinatoka kwa mnyama mmoja.

Chini_ya_Jani

Asanteni sana wakuu, kweli nilikuwa nakimbia. Jana usiku nimepitia slaidi zote sita upya. F2 haipo, mguu wa pili una mbili. Nne zimekandamizwa kama alivyosema Mzee, naona aibu kusema lakini ndivyo. Mbili zilizobaki mgongo una mistari mpaka katikati, hafifu ila ipo. Ila kwenye moja ya hizo mbili nimefuata mfereji mwembamba kwa kuzungusha fokasi pole pole, unaishia kwenye kifuko cha duara chenye vijimiba upande mmoja tu. Hicho sijakiona kwenye mchoro wowote. Kesho asubuhi narudi kwenye kile kichaka na chupa za pombe, na mimea ya jirani nitaikagua pia. Mzee, hao lava unawasafisha kwa muda gani wasije wakayeyuka?

Mzee_wa_Slaidi

Usiwaweke kwenye laktiki kabisa. Watie moja kwa moja kwenye Hoyer, itawasafisha yenyewe polepole wakiwa ndani ya slaidi.