Karakana ya jamii Dodoma: tuanzeje mafunzo ya Jumamosi na mikusanyiko ya jioni?

karakana_nkuhungu

Habari za leo wakuu. Tumepata chumba cha mita 6 kwa 8 hapa Nkuhungu na tunataka kiwe karakana ya jamii: mkazi yeyote aje atumie vifaa, ajifunze, atengeneze kitu chake kwa mikono yake. Vilivyopo ni vyuma 4 vya kulehemu vya wati 40, mita 2 za kupimia umeme, cherehani 2 za miguu, grinda, drili, meza 4 ndefu na soketi 3 za ukutani.

Mpango ni mafunzo kila Jumamosi kwa watu 12, na mara moja kwa mwezi mkusanyiko wa jioni wa kuonyeshana kazi na kufahamiana. Naomba mwongozo kwa wenye uzoefu. Somo la kwanza liwe lipi? Vyuma vinne kwa watu 12 vitatosha? Watu wakileta pasi na feni mbovu tupokee? Umeme ukikatika katikati ya somo tunafanya nini? Na ule mkusanyiko wa jioni, tuupange vipi usigeuke kikao cha hotuba?

---

MitaNaWaya

Karibu sana mkuu, hili ni jambo la maana kwa mji wetu.

Somo la kwanza liwe kulehemu, na kila mtu aondoke na kitu kinachowaka. Kinachofaa kuliko vyote ni taa mbili za LED zinazopepesa kwa zamu. Kila mshiriki anahitaji transista 2 za BC547, LED 2, rizista 2 za ohm 220 (nyekundu, nyekundu, kahawia), rizista 2 za kilo-ohm 47 (njano, zambarau, machungwa), kapasita 2 za mikrofaradi 10, kipande cha bodi ya matundu na kibebeo cha betri tatu ndogo za 1.5V. Kwa watu 12 unahitaji 24 za kila aina, lakini nunua 30. LED na transista ndizo zinazoungua au kukatika miguu.

Muunganiko ni huu. Transista ina miguu mitatu: kolekta, besi na emita. Emita zote mbili kwenye hasi. Kutoka chanya, rizista ya 220 na LED hadi kolekta ya kila transista. Kutoka chanya tena, rizista ya 47k hadi besi ya kila moja. Kapasita zinapishana: mguu wa chanya kwenye kolekta ya huyu, mguu wa hasi (wenye mstari ubavuni) kwenye besi ya yule. Kila taa itawaka kama theluthi ya sekunde. Anayetaka mwendo wa polepole aweke kapasita za mikrofaradi 47, itakuwa kama sekunde moja na nusu.

Msitumie betri ya 9V hata kama michoro mingi inaionyesha. Kila mara saketi inapogeuka, kapasita huivuta besi chini ya sifuri, na BC547 haikuundwa kuvumilia zaidi ya volti 6 za kinyume hapo. Kwa 4.5V mko salama, hata chaja ya simu ya 5V inafaa.

Kosa la pili linaanzia dukani. BC547 ukiishika uso bapa ukikutazama, miguu chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Ukikosa hiyo ukapewa 2N3904 inafanya kazi vilevile, ila miguu imepangwa kinyume: emita, besi, kolekta. Msichanganye aina mbili kwenye darasa moja, mtapoteza saa nzima kutafuta tatizo ambalo halipo kwenye ulehemu.

Wakati wa kukagua, taa zikiwaka zote mbili bila kupepesa, angalau kapasita moja haijashika. Ikiwaka moja tu na nyingine giza, angalia kwanza LED iliyogeuzwa, halafu transista iliyogeuzwa, halafu rizista ya 47k ya upande wenye giza.

Kuhusu vyuma vinne: gawa makundi matatu ya watu wanne. Kundi la kwanza linalehemu, la pili linapanga saketi ileile kwenye bodi ya kuchomeka bila moto, la tatu linajifunza mita kwa kupima rizista na betri. Kila dakika 45 wanabadilishana. Ukianza saa 3 asubuhi, saa 6 mmemaliza pamoja na mapumziko.

Mbinu yenyewe ifundishwe hivi: ncha iguse mguu na shaba kwa pamoja, hesabu mpaka mbili, lisha waya wa risasi upande wa pili, ondoa waya kwanza, ndipo uondoe chuma. Zaidi ya sekunde 5 shaba inabanduka kwenye bodi. Anayeyeyusha risasi kwenye ncha kisha akaidondosha kwenye kiungo atapata tone la mviringo ambalo halikushika kitu, na hili ndilo kosa la karibu kila anayeanza. Sponji iwe na unyevunyevu, isidondoshe maji. Ncha iliyopakwa chuma isipigwe tupa wala msasa.

---

Bodi_ya_Matundu

Nakubaliana na MitaNaWaya kwenye saketi, ila watu 12 kwa Jumamosi ya kwanza ni wengi. Anzeni na 8. Msimamizi mmoja anaweza kuangalia mikono minne inayolehemu, si zaidi, na makundi yasiyolehemu nayo yanahitaji mtu. Kwa watu 12 mnahitaji wasimamizi watatu wanaojua. Kama mko wawili, chukueni 8.

Umeme: vyuma vinne vya wati 40 ni wati 160 tu. Kwa betri ya sola ya 12V na 100Ah yenye inveta, hiyo ni kama ampia 16 kutoka kwenye betri ukihesabu upotevu. Betri ya asidi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo mna kama saa 3, somo linaisha. Hatari yenyewe ni birika la umeme la wati 2000 kuchomekwa kwenye ekstensheni ileile ya vyuma. Plagi ya ampia 13 kwa 230V inabeba takribani wati 3000 kwa kuandikwa, lakini ekstensheni nyingi za bei nafuu zina waya mwembamba ndani na zinaanza kuyeyuka kwenye soketi kabla ya kufika hapo. Ishike kwa mkono baada ya dakika 20. Ikiwa na joto, punguza mzigo. Chai ichemshwe kwa gesi, nje.

Kwa kuwa mnaleta watu wageni, mwiteni fundi umeme aliyesajiliwa apime ethi (waya wa ardhini) ya jengo na afunge RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30 kabla ya siku ya kwanza. Hili msiliahirishe kwa sababu ya fedha.

Na vumbi. Miezi ya upepo hapa, kama Julai hadi Septemba, ukiacha madirisha wazi vumbi jekundu linakaa kwenye bodi na upepo unapoza ncha. Fungueni dirisha la upande usio na upepo, na feni ndogo iwekwe ivute moshi kutoka mezani kwenda nje, isipulize juu ya kazi. Grinda isiingie chumba hicho kabisa, chembe za chuma zikitua kwenye saketi zinaunganisha visivyotakiwa. Iwe nje chini ya kibanda, na miwani ya kinga ifungwe kamba kwenye grinda yenyewe ili asiweze mtu kuinua moja bila nyingine.

---

fundi_wa_Chang'ombe

Nijibu la pasi na feni. Pokeeni, lakini kwa siku yake maalumu, si Jumamosi ya mafunzo. Mtindo huu wa mwenye kifaa kukaa pembeni ya anayetengeneza ulianzia Amsterdam mwaka 2009, aliuanzisha Martine Postma, na umeenea nchi nyingi kwa sababu una kanuni moja ngumu: huachi kitu na kuondoka. Mwenye pasi anashika bisibisi. Bila kanuni hiyo, karakana yenu itakuwa duka la fundi asiyelipwa, na mafundi wa mtaani wenye vibanda watawaona kama mnawanyang'anya mkate. Waalikeni hao mafundi wawe wasimamizi, na kazi kubwa ipelekwe kwao.

Mezani pa mapokezi andikeni kifaa, tatizo kwa maneno ya mwenyewe, na sahihi kwamba hamuahidi kupona.

Kabla ya kuchomeka chochote, mita kwanza. Kati ya pini ya ethi na bodi ya chuma isomeke chini ya ohm 1. Kati ya pini ya laini (waya wa moto) na bodi isisomeke kitu, na ya nyutro vilevile. Pasi ya wati 1000 isomeke karibu ohm 53 kati ya laini na nyutro, swichi ikiwa imewashwa. Ikisomeka sifuri kuna shoti. Isiposoma kabisa, anza na waya pale unapokunjika kuingia kwenye mpini, halafu fyuzi ya joto, halafu elementi.

Wengi hutumia balbu ya wati 100 ya waya iliyofungwa mfululizo na kifaa ili kugundua shoti. Ni nzuri kwa redio na chaja. Kwa pasi inadanganya: elementi ya ohm 53 ni ndogo sana mbele ya balbu, kwa hiyo balbu itawaka karibu mwanga wote hata kama pasi ni nzima. Watu wametupa pasi nzima kwa kosa hilo.

Feni inayonguruma bila kuzunguka, lakini ukiisukuma inaenda, ni kapasita, na feni za mezani huwa na ya kama mikrofaradi 1 hadi 2.5. Soma iliyoandikwa kwenye ya zamani, weka ileile yenye volti sawa au zaidi. Ikiwa nzito hata kwa mkono, ni vumbi kwenye bushi. Safisha, kisha matone mawili ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yanaganda na kuwa gundi.

Taa za sola: soma betri kabla ya kubadilisha. Kuna ya 3.2V na ya 3.7V, umbo linafanana. Ya kwanza huchajiwa hadi 3.6V, ya pili hadi 4.2V. Ukiweka ya 3.2 kwenye saketi ya 4.2 unaichaji kupita kiasi.

Mkatae bila aibu maikrowevu, televisheni za kioo cha nyuma kirefu, na betri yoyote ya simu au laptopu iliyovimba. Betri iliyovimba ikiletwa hata hivyo, iende nje kwenye ndoo ya mchanga mkavu, isitobolewe.

---

MamaCherehani

Wanangu, cherehani mbili mmezitaja halafu wote mmekimbilia umeme. Tumieni hizo kuleta akina mama na vijana wasiopenda nyaya. Somo la kwanza liwe kutunza cherehani, kwa sababu majumbani zimelala nyingi zenye kasoro ndogo. Uzi ukijikusanya chini ya kitambaa, watu hukimbilia kukaza boksi la chini, kumbe kosa liko juu: uzi haukupita katikati ya visahani vya kukazia. Inua mguu wa kushikilia kitambaa, pitisha uzi upya, shusha. Ikiruka mishono, badilisha sindano kwanza, na hakikisha uzi unaingia kutoka upande wenye mfereji mrefu. Sindano namba 14 kwa khanga na vitenge, 16 kwa jinzi.

Kuhusu mikusanyiko, msiweke mgeni rasmi. Akichelewa, watu wote wanamngoja, na itifaki peke yake inamaliza nusu saa. Kila mwenye kazi apewe dakika 5 akiwa amesimama pale meza yake ilipo, watu ndio wazunguke. Aseme imetengenezwa na nini, imegharimu kiasi gani, na wapi imemshinda. Hilo la kushindwa ndilo linaloanzisha mazungumzo, maana atatokea mtu anayejua jibu. Viti visipangwe safu safu kama mkutano. Mikeka na mabenchi pembeni, katikati pawe wazi.

Anzeni saa 10 jioni, mfunge saa 12. Jua hapa linazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 hivi, na wasichana wengi hawataruhusiwa kama wanarudi gizani. Jumamosi inawaacha nje Wasabato, kwa hiyo mkusanyiko wa mwezi mwekeni Jumapili baada ya ibada. Ramadhani usogezeni au ugeuzeni futari ya pamoja. Na Januari msishangae wachache: mvua ni Desemba hadi Aprili, wenye mashamba wako shambani.

Kwa watu 30 chemsheni chai lita 11, ni kikombe kimoja na nusu kila mtu. Sukari iwekwe pembeni, nusu kilo inatosha. Karanga na viazi vitamu, au juisi ya ubuyu kukiwa na joto. Kila mtu aje na kikombe chake.

---

karakana_nkuhungu

Asanteni sana, na shikamoo Mama. Tutaanza na 8. Bado mawili: watoto wa shule wanaomba kuja, tuwaruhusu kulehemu? Na mchango, tutoze au iwe bure?

---

MitaNaWaya

Waya wa kulehemu wa 60/40 (bati 60, risasi 40) una madini ya risasi ndani yake, na watoto ndio wanaoumizwa nayo zaidi. Chini ya miaka 12 wabaki kwenye bodi ya kuchomeka, saketi ni ileile. Wakubwa walehemu wakiwa na msimamizi, na kama mnaweza, wanunulieni waya usio na risasi, ila unataka joto zaidi na kiungo chake haking'ai, wasidhani ni kibovu. Kwa wote: hakuna chakula wala kikombe kwenye meza ya kulehemu, ndoo ya maji yenye bomba na sabuni iwe mlangoni, na meza zifutwe kwa kitambaa chenye maji, msifagie vikavu. Jioni ya chai meza hizo zisitumike kuweka maandazi, hata zikifunikwa.

---

Bodi_ya_Matundu

Mchango: tozeni gharama ya vipuri tu, na ilipwe siku ya kujiandikisha, si mlangoni. Bure kabisa huleta majina 12 na watu 5, huku vipuri vimeshanunuliwa. Tengeni nafasi mbili za bure kila somo kwa asiye na uwezo, na orodha hiyo ajue mtu mmoja tu.

Vifaa vining'inizwe kwenye ubao wa plaiwudi uliochorwa umbo la kila kimoja kwa rangi. Kabla ya watu kuaga, ubao unaangaliwa mbele ya wote. Plaizi ndogo ya kukatia ndiyo hupotea kwanza, nunueni mbili za akiba.