Mjadala: Kompyuta 12 za Wawi, tuzitie Linux au tununue mpya?

Mwalimu wa Wawi
Assalaam alaykum. Nna suali, na naliuliza kwa nia safi, si uchokozi. Hapa kwetu Wawi, Pemba, tuna chumba kimoja chenye kompyuta 12, zote za msaada. Watoto wakitoka skuli wanakuja kujifunza kuchapa, Excel kidogo, na kutafuta mambo kwenye intaneti. Zote zinatumia Windows 10. Microsoft wameacha kuitolea viraka vya usalama vya kawaida tokea 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hazipandi: inataka TPM 2.0, kijichipu cha usalama, na prosesa zetu za zamani hazimo kwenye orodha yao. Kijana mmoja wa kamati anasema tutie Linux, mfumo mwengine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, haina malipo na mashine zitaishi miaka mingine. Mjumbe mwengine anasema tuchangishane tununue mpya, mtoto asome kile atakachokikuta ofisini. Pesa iliyopo inatosha mashine mbili. Nyinyi mnaonaje?

Fundi Mlandege
Ustadh, mimi mwaka wa 15 huu nafungua mashine. Linux nzuri kwa seva, zile kompyuta za kuhudumia nyengine, na kwa watu wa chuo wenye nafasi ya kuchezea. Mtoto wako akenda kuomba kazi hoteli ya Nungwi ataulizwa Word na Excel, hatoulizwa habari za huyo pengwini wa nembo ya Linux. Nunueni hizo mbili watoto wapokezane. Ila najua jawabu mnayo zamani: Mpemba akisikia cha bure, hata kiwe Ngazija, keshapanda jahazi.

Bint Konde
Yaani suali la kompyuta za watoto, wewe umeona Upemba tu. Haya, tuseme sisi twapenda cha bure. Hizo Windows na Office unazowapakia wateja kwa elfu kumi na tano, leseni yake umemlipa nani? Sisi tunataka cha bure alichokitoa mwenyewe kwa ridhaa yake. Wewe unauza cha mtu ambacho hajakupa. Hapo mpenda cha bure nani?

Nahodha
Ala! Chai yangu imemwagika.

Fundi Mlandege
Bibie, usinitie midomoni mwa watu. Mashine nyingi zinakuja na Windows yake tokea kiwandani, mimi naisafisha tu. Ile pesa ni ya kazi yangu, umeme na bando. Na hao wateja ndio wanaosema "Fundi, nitilie na Office", mimi sijamshika mtu mkono. Wewe mwenyewe, simu uliyoishika ushawahi kununulia programu hata moja?

Bint Konde
Simu yangu Android. Chini yake kuna Linux. Ahsante kwa kuniulizia.

Abu Salma
Hili la leseni msilipite juu juu. Muislamu akikubali sharti limemfunga. Unapobonyeza "Nakubali" umefunga mkataba, na mtu aliyekesha kuandika programu ana haki yake kama fundi seremala na kitanda chake. Tunafundisha watoto Kurani chumba cha pili, kisha chumba hiki tunawawekea kitu cha wizi. Baraka itatoka wapi?

Nahodha
Abu Salma, naapa hakuna mtu visiwa vyote viwili aliyewahi kuyasoma yale masharti mpaka mwisho. Hata wewe.

Abu Salma
Kutosoma si udhuru. Na ndio kwa maana nasema Linux ni salama kwa dini ya mtu, leseni yake inakupa ruhusa wazi: tumia, nakili, mpe jirani, badilisha.

Fundi Mlandege
Kwa hiyo sasa pengwini kasilimu.

Abu Salma
Dini haifanyiwi mzaha, kijana. Nimekuandikia faragha.

Karani Mstaafu
Nyote mmeng'ang'ania bei. Mimi nitakwambieni kilichonikuta, na hiyo ofisi sitoitaja. Tulikuwa na programu ya hesabu ya kulipia, leseni ya mwaka kwa mwaka. Mwaka mmoja hundi ilichelewa kwa sababu ya saini moja tu, mwenye saini kasafiri. Asubuhi ya mishahara nafungua mashine, badala ya daftari linatoka dirisha lenye maandishi mekundu: leseni imekwisha, wasiliana na muuzaji. Hesabu za miaka mitatu zimo mle mle ndani ya mashine yetu, tumeziandika wenyewe kwa mikono yetu, na hatuwezi kuzisoma. Tukajaribu kulifungua lile faili kwa programu nyengine, likatoka takataka, maana mtindo wake wa kuhifadhi anaujua aliyeitengeza peke yake. Watu wako kwenye mstari nje, wengine na watoto mgongoni. Nikatoa leja ya karatasi kabatini, nikaipangusa vumbi, tukalipa kwa kalamu mpaka magharibi.
Kwa hiyo mimi nikisikia programu huria, zilizo wazi kwa kila mtu kama hiyo Linux, siulizi bei yake. Nauliza: siku tukigombana na mwenye programu, daftari langu nitalisoma?

Nahodha
Babu, leseni hamkulipa halafu unataka wawafungulie? Na huyo mwenye saini kasafiri wapi hasa, kwa posho ya nani?

Karani Mstaafu
Nimesema sitoitaja.

Mtu wa Mkoani
Umesema "watoto mgongoni". Hiyo ni hospitali.

Karani Mstaafu
Sikusema hospitali.

Nahodha
Basi mamlaka fulani ya maji…

Droni
Muacheni mzee wa watu. Mimi nataka kumjibu Fundi pale aliposema Linux na mambo huria ni ya "watu wa chuo wenye nafasi ya kuchezea". Nimekaa juani na hao watu wa chuo. Tokea 2016 Unguja na Pemba zimepigwa picha kwa ndege zisizo na rubani, mradi wa ramani wa Zanzibar, vijana wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wakizirusha wenyewe. Zile picha unazifungua kwa QGIS, programu huria ya ramani, hakuna aliyekuja kutudai leseni kwa kila kompyuta. Na ukienda kituo cha afya, takwimu za wagonjwa zinaingia kwenye DHIS2, programu ya takwimu za afya, nayo huria, imeanzia Chuo Kikuu cha Oslo. Kwa hiyo huyo mtoto wa Wawi akitaka kazi isiyo ya mapokezi hotelini, pengwini ataulizwa.

Fundi Mlandege
"Kazi isiyo ya mapokezi hotelini." Dada yangu ni mpokezi hotelini, analisha watu saba. Hayo ndiyo ya watu wa chuo niliyokuwa nayasema.

Droni
Sikukusudia hivyo.

Fundi Mlandege
Ulikusudia. Na mkimaliza kuringa na droni, niambieni Munich imekuwaje. Mji mzima Ujerumani, wana pesa, wana mafundi, wakahamia Linux, hata jina wakaipa, LiMux. Mwisho wake wakarudi Windows. Mjerumani kashindwa, ije iwe Wawi?

Droni
Uamuzi wa mwanzo ulikuwa 2003, na baraza la mji lilipiga kura ya kurudi 2017. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi. Na iliingia siasa nyingi.

Fundi Mlandege
Siasa ipi haipo? Chake hakuna siasa?

Nahodha
Mimi naogopa jambo jengine. Programu ambayo kila mtu anauona msimbo wake, yale maandishi yake ya ndani, mwizi naye si anauona? Nyumba gani hiyo ya kumuonyesha mwizi kitasa. Halafu nasikia hiyo Linux kaitengeza Mswidi mmoja kwa hasira za kuachwa na mchumba.

Droni
Hakuna mchumba. Linus Torvalds, Mfini, mwanafunzi wa Helsinki, 1991. Ila nyumbani kwao wanasema Kiswidi, kama Mpemba aliyezaliwa Tanga, kwa hiyo hukukosea sana. Ama mwizi: 2024 mtu alijitia msaidizi kwenye kijiprogramu kinachoitwa xz, akavumilia kama miaka miwili akijenga imani, kisha akapachika mlango wa siri ambao ungeingia kwenye seva chungu nzima. Aliyemkamata ni bwana mmoja, Andres Freund, aliyeona kuingia kwenye seva kunachelewa nusu sekunde kuliko kawaida. Nusu sekunde! Akafungua msimbo akatazama. Ungekuwa umefungwa, angetazama nini?

Fundi Mlandege
Mbona humalizi hadithi? Huyo Freund kaajiriwa na nani?

Droni
…Microsoft.

Fundi Mlandege
Alhamdulillah. Nimeshiba.

Bint Konde
Kafurahi kama kafunga goli, wakati Mei 2017 kirusi cha WannaCry kimefunga kompyuta za hospitali za Uingereza na ilikuwa mashine za Windows. Kiraka kilishatoka Machi, watu hawakuweka. Sasa tuseme kweli, Windows ya kuchakachua, yenye apdeti zilizozimwa isije ikagundulika, itakiweka kiraka hicho saa ngapi?
Halafu kuna moja halijasemwa. Programu huria unaweza kuifasiri mwenyewe bila kumuomba mtu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliikalia OpenOffice, programu huria za kazi za ofisi, wakaitia Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Microsoft nao baadaye wakaleta Kiswahili chao, lakini walipotaka wao.

Mzee wa Mkunazini
"Jambo"? Ndilo jina walilolipata hilo? "Jambo" ni ya mtalii pale Forodhani anayetafuta urojo. Mswahili husema hujambo, hamjambo, watoto hawajambo. Halafu ndio mkaleteana tarakilishi, na ngamizi, na kipanya. Nani Mji Mkongwe amewahi kusema "nipe kipanya"?

Bint Konde
Shikamoo babu. Kipanya mbona kizuri, kina mkia kama panya kweli.

Mtu wa Mkoani
Siku hizi havina mkia. Tuseme nini, kipanya kilotahiriwa?

Mzee wa Mkunazini
Marahaba mjukuu wangu. Nisikilize. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, tokea ile kamati ya 1930. Leo maneno yanakaangwa Dar na Nairobi, sisi wenyewe tunaletewa kwa meli kama mchele.

Droni
Mzee, si ndiyo hoja yenyewe hiyo? Lugha yako inakuuma ikitungwa kwengine, Windows inayotungwa kwengine haikuumi.

Mzee wa Mkunazini
Mchele wa kuletewa nakula. Maneno ya kuletewa silii. Vitu viwili hivyo.

Mtu wa Mkoani
Kwani Kiunguja mmekitoa wapi? Sisi huku tuna maneno hamjayasikia hata siku moja. Hiyo kamati ya 1930 ilifika Micheweni?

Nahodha
Wapemba hujuana kwa vilemba, Waunguja hujuana kwa kusahihishana.

Mtu wa Mkoani
Nimeuliza suali la maana.

Mzee wa Mkunazini
Na mimi nitalijibu, nimo kutafuta miwani.

Karani Mstaafu
Kuhusu lile langu la mtindo wa kuhifadhi mafaili hakuna aliyejibu.

Nahodha
Babu, ukitaja ofisi tutajibu.

Mwalimu wa Wawi
Nyote nimekusomeni, ahsanteni, japo la vilemba sikulitegemea. Kamati ilikutana Ijumaa. Tumeamua mashine nne tuzitie Linux kwanza, toleo lake la Linux Mint, pamoja na LibreOffice, programu huria ya kazi za Word na Excel. Nane zimebaki na Windows 10, na tumezitoa kwenye intaneti mpaka tujue la kufanya. Abu Salma, mbili tumekuta hazina leseni halali, ndizo tulizoanzia.
Zimekuwa nyepesi kweli. Ile iliyokuwa ikiwaka huku unakwenda kutia udhu na kurudi, sasa hata sijavua viatu. Ila kuna mtoto mmoja, miaka 11, kaigeuza LibreOffice Kiswahili peke yake, sijui kapitia wapi. Jana kanyanyua mkono: "Mwalimu, hii hariri hapa juu ni ya nini, tunashona?" Nikakaa kimya, nikatazama ile menyu, nikaona kweli, imeandikwa Hariri.

Bint Konde
Maskini, na ana haki! Hariri si kitambaa?

Mzee wa Mkunazini
Kuhariri ni neno zuri tu la Kiarabu, magazeti yalikuwa na wahariri mimi sijazaliwa. Mtoto afundishwe maana zote mbili. Afadhali hilo kuliko kipanya.

Mtu wa Mkoani
Babu bado hujanijibu la Micheweni.

Mwalimu wa Wawi
Tatizo langu hasa ni jengine. Printa. Kwenye Windows inapiga vizuri, kwenye Linux inavuta karatasi, inanguruma, inaitoa nyeupe. Karatasi thalathini tumeshapoteza, na mtihani wa majaribio Jumatatu.

Fundi Mlandege
Si nilisema? Nilisema.

Droni
Ustadh usivunjike moyo, mambo yote haya yalianzia kwenye printa. Richard Stallman, mwanaprogramu pale MIT, chuo cha Marekani, walipewa printa ya leza iliyokuwa ikikwama karatasi. Akataka kuirekebisha programu yake, akanyimwa msimbo. Hasira zile ni moja katika zilizomfikisha kutangaza GNU, mradi wa mfumo huria, 1983.

Fundi Mlandege
Miaka arubaini na kitu, na printa bado haijapona.
Ustadh, achana nao. Nipigie picha kile kibandiko cha nyuma, si cha mbele, nataka namba ya modeli yote na herufi za mwisho. Printa nyengine zinataka draiva, yaani programu ya kuziendesha, ya mwenye kampuni, nyengine unachagua ya ndugu yake inakubali. Kama waya wa USB upo, usipite kwenye waya wa mtandao kwanza. Na hizo karatasi nyeupe msitupe, zirudisheni kwenye trei.